Darasa la kuzuia mateke ya kuzunguka, Sinza: nendeni, pesa haipotei

Wadau wa tizi hapa Dar mnauliza sana ni wapi mtu anafundishwa kujikinga na teke la kuzunguka, lile jamaa anakupa mgongo alafu kisigino kinatokea usawa wa sikio. Jibu langu ni darasa la Jumamosi asubuhi kwenye jimu moja ipo Sinza, ghorofani, upande wa Mori. Nalipa kama wengine, sijapewa ofa yoyote, kwahiyo hapa naongea nilichokiona tu.

Jimu nyingi ukiuliza hilo swali unaambiwa weka gadi juu, rudi nyuma, basi, mnaendelea na push-apu. Na hapo ndo watu wanaumia, sababu kwenye ushiro mawashi, ndo jina la karate la hilo teke la kuzunguka la kisigino, kisigino kinakuwa na kasi kubwa pale mguu umeshanyooka mwisho wa duara, sasa wewe ukirudi nusu hatua umejipeleka mwenyewe kwenye makali. Mwalimu wa Sinza anaanzia hapohapo. Anakwambia ama utoke kabisa mguu usikufikie, ama uingie mpaka kifua kiguse mgongo wa mwenzio, katikati hapakaliki. Ni kama jembe, kinachokata kipo mwisho, mpini haujawahi kumkata mtu. Ukiwa ndani kinachokugusa ni paja tu, na yeye kasimama mguu mmoja, ukimsukuma kidogo anayumba na kaunta, yaani pigo la kujibu, ni yako.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba mwanzoni hamna teke hata moja. Mnasimama wawili wawili, mwenzio kazi yake kugeuza bega, kuingiza vidole vya mguu wa mbele ndani, kuzungusha kichwa, alafu anaishia hapo au anaendelea, na wewe usome. Inachosha kinoma na watu wageni wanalalamika wanataka kupigana, ila baada ya muda jicho linazoea, kabla kisigino hakijaachia mati ushajua kinakuja, na ukishajua mapema hata gadi inakaa vizuri, mikono miwili, maana kukinga kisigino cha mtu mzito kwa mkono mmoja ni kujitafutia kuvunjika.

Alafu anatenganisha mateke, jambo ambalo sijaliona likifanywa kwa makini namna hii kwingine. Ushiro mawashi linazunguka, kwahiyo kuingia kunafaa. Ushiro geri, teke la kurusha nyuma ambalo watu wa taekwondo, ule mchezo wa mateke wa Korea, wanaliita dwi chagi, linakuja limenyooka kama mkuki, na ukichelewa kuingia unalifuata kwa tumbo mwenyewe. Hilo dawa yake ni kutoka kwenye mstari, hatua ya pembeni kuelekea mgongoni kwake. Kuna dada mmoja pale wa taekwondo ana hilo teke hatari, mwalimu anamsimamisha mbele anamwambia "mwanangu, pole pole kwanza," tunapita mmoja mmoja, raundi ya kwanza taratibu, ya pili nusu kasi, na hamna anayeruhusiwa kuongeza spidi mpaka mwalimu aseme.

Na anafundisha pia kwanini teke linakuja, siyo tu likija ufanyeje. Mtu anayependa kuzunguka mara nyingi anasubiri urushe mawashi, lile teke la kawaida la pembeni, la mguu wa nyuma, tena lile la kivivu lisilo na maandalizi, maana wewe ukiwa mguu mmoja yeye anageuka na kukupiga teke lake. Kwahiyo unaifanya feki, unanyanyua goti kidogo tu, anageuka bure, unamkuta katikati ya mzunguko. Hii peke yake kwangu inatosha kulipia darasa.

Kipindi cha kupumzika kuna siku alituonesha kwenye simu ile fainali ya Olimpiki ya Rio 2016, kilo 80, Cheick Sallah Cissé wa Ivory Coast na Lutalo Muhammad wa Uingereza. Muingereza anaongoza 6 kwa 4, zimebaki sekunde za mwisho kabisa, Cissé anazunguka kisigino kinafika kichwani, 8 kwa 6, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake. Tukairudia tukiangalia miguu ya Muhammad tu, yupo umbali gani. Siku hizi taekwondo teke la kuzunguka likifika kichwani ni pointi 5, mwilini 4, kwahiyo anayeongoza kwa pointi nne bado hajamaliza gemu, lazima akae macho mpaka kengele. Mwalimu anakukumbusha pia kwamba kufagia mguu aliosimamia mwenzio ni sawa kwenye MMA, mchezo wa kupigana unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, ila kwenye taekwondo kupiga chini ya kiuno ni gam-jeom, yaani kosa, na mwenzio anachukua pointi, kwahiyo ujue unacheza mchezo gani.

Mapungufu yapo. Chumba ni kidogo, watu wakijaa mnazunguka mnakaribia kugongana na wa jirani, na kwa mateke ya aina hii hilo siyo suala dogo, wangegawa makundi mawili. Feni moja haizunguki vizuri na joto la Dar mnalijua. Kinga za kichwa za kuazima zimechoka, sponji imelala, moja velkro haishiki kabisa. Najua kinga ya kichwa haizuii ubongo kutikisika, inapunguza zaidi kuchanika na michubuko, ila iliyochoka hata hiyo kazi haifanyi. Nilimwambia mwalimu akanisikiliza, akasema zinabadilishwa, tusubiri tuone. La kumsifia ni kwamba mtu akiguswa kichwani akahisi kizunguzungu anakaa pembeni siku hiyo nzima, hata abishe vipi, na wiki inayofuata anaulizwa kwanza anajisikiaje.

Bei ni elfu kumi kwa siku, kwa mwezi inapungua, mnalipa kwa lipa namba. Ukitokea Kimara au Posta shuka mwendokasi kituo cha Shekilango uchukue bodaboda, usije na gari maana pa kupaki ni shida. Anayeanza kabisa nisingemshauri aanzie hapa, ajue kwanza kusimama na kutembea kwenye gadi. Kinga ya meno nunua yako kwenye maduka ya michezo Kariakoo kabla hujaja, pale hawauzi, na bila hiyo mwalimu hakuruhusu kuingia sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, utaishia kushika pedi.