OpenLMIS zahanatini: hesabu haikosei, anayejaza ndiye anayeruka safu

OpenLMIS ni programu huria ya kuagizia dawa na vifaa tiba. eLMIS, mfumo wa kielektroniki wa Tanzania wa kuagizia dawa, ilichipuka humo. Hesabu yake kuu ni nyepesi: salio la mwanzo, jumlisha vilivyopokelewa, rekebisha vilivyoharibika au kuhamishwa, toa salio lililohesabiwa rafuni. Kinachobaki ndicho kilichotumika.

Mafunzo yakishaisha na mkono ukazoea, safu ya kwanza kurukwa ni ya siku ambazo dawa haikuwepo. Chukua dawa mseto ya malaria. Katika siku 90 zimetoka dozi 240, na kwa siku 30 rafu ilikuwa tupu. Ukijaza 30, mfumo unazidisha 240 kwa 90 na kugawa kwa 60: dozi 360, yaani 120 kwa mwezi. Ukiacha sifuri, ni 80 kwa mwezi. Kama akiba inayotakiwa ni ya miezi 4, hiyo ni 480 au 320 kabla ya kutoa salio. Zahanati iliyoishiwa inajiagizia kuishiwa tena, kisha lawama zinakwenda bohari.

Ndiyo maana wanaotaka leja ya karatasi itupwe wanakosea. Bila leja, nani atakumbuka paracetamol iliisha tarehe ngapi miezi miwili iliyopita?

Kosa la vipimo linauma kwa njia nyingine. Boksi la dawa mseto huwa na dozi 30. Mwenye maboksi 10 akiandika “10” panapotakiwa dozi, mfumo unaona dozi 290 hazipo rafuni, unazihesabu kuwa zimetumika, na oda inafura. Bandika kipimo kwenye rafu, kando ya jina la dawa.

Mtandao ukiwa wa kubahatisha, toleo la 3 linasaidia: anzisha fomu ukiwa hewani, jaza bila intaneti, rudi hewani kutuma. Ila kazi hiyo imekaa kwenye kivinjari cha mashine ileile. Ukisafisha kivinjari au ukihamia kishkwambi kingine kabla ya kutuma, unaanza upya.

Ukiomba kiasi tofauti na kilichopigiwa hesabu na mfumo, utatakiwa kutoa sababu. “Nyongeza” haimsaidii anayeidhinisha. Andika: “Siku 30 bila dawa, wagonjwa walipelekwa kituo jirani.”