Ziara ya soko la watumwa Mkunazini: mahali nyota 5, mwongozaji nyota 2

Tulienda Zanzibar mwezi uliopita, mimi na mdogo wangu, boti ya asubuhi kutoka Dar, tukachukua ziara ya Mji Mkongwe kwa kijana mmoja tuliyempata kwa meseji, elfu thelathini watu wawili (jina la kampuni yake siitaji, riziki ni riziki). Sababu ya safari ilikuwa ubishi. Mdogo wangu tangu amalize chuo hataki kusikia habari za dini, anasema hizi dini za Mungu mmoja zimeua watu wengi kuliko malaria, kila mtu anadai Mungu ni mmoja tu halafu ni wa kwake. Mi nabisha. Na kwetu ubishi huo upo mezani kabisa, maana baba ni Mwislamu wa Kilwa Kivinje na mama Mwanglikana wa Masasi, Idi pilau, Krismasi pilau. Nikamwambia sawa, twende Mkunazini tukamalizie huko.

Kwa asiyefika, hapo ndo palikuwa soko la watumwa mpaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza wa kulifunga. Mwaka huohuo Wamisheni wakaanza kujenga kanisa juu ya uwanja wa soko, chini ya Edward Steere, aliyekuja kuwa Askofu mwaka uliofuata. Nje kuna shimo lenye sanamu tano, watu wamesimama wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs ya mwaka 1998, na ile minyororo ni ya zamani kweli si ya kuigiza. Mdogo wangu ambaye mdomo wake haufungi alikaa pale hata dakika kumi hajasema neno. Kuna watalii walikuwa wanapiga selfi na hilo shimo, wengine wametabasamu kabisa, nikaona bora nitazame pembeni.

Sasa mwongozaji. Kijana msafi, Kiingereza kinatiririka, lakini stori yake fupi mno: Waarabu Waislamu waliuza, Wazungu Wakristo wakakomboa, asanteni tuingie ndani. Nikamuuliza, kaka, na Wafaransa je? Maana 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watu elfu moja kila mwaka, wa kwenda kulima visiwa vyao, leo Mauritius na Réunion, na hao walikuwa Wakristo waliobatizwa vizuri tu. Akacheka akasema "dada, hiyo haimo kwenye pakeji." Hapo ndo nyota ya tatu ilipopotea.

Mdogo wangu naye akadaka, ehe dada, si unaona, kote kote walikuwa wanasali. Na kweli hapo sikuwa na la kujibu. Aliyeuza alikuwa na msala wake na aliyenunua alikuwa na rozari. Ukirudi vitabuni ndo unachoka, Qurani inasema kumwacha mtumwa huru ni thawabu na ni kafara ya makosa lakini utumwa wenyewe haikuufuta, na Paulo naye kwenye Biblia mtumwa Onesimo alimrudisha kwa bwana wake Filemoni na barua nzuri mkononi. Kila mtu akapata aya ya kumlalisha usingizi.

Lakini ingia ndani. Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe limezungushiwa nyekundu, hapo ndo inasemekana palikuwa na mti wa kuwachapia watumwa, ili mnunuzi aone nani analia na nani anavumilia, mvumilivu bei juu. Nimesimama ukingoni mwa hilo duara na mguu ukagoma kukanyaga. Pembeni kuna msalaba wa mti uliotoka Chitambo, Zambia, pale moyo wa mmisionari Livingstone ulipozikwa. Huyo Livingstone naye alipinga utumwa maisha yake yote na bado njiani aliwahi kusaidiwa na wafanyabiashara haohao wa watumwa, dunia haijawahi kunyooka. Nyuma huko kuna nguzo zimesimama kichwa chini miguu juu, wanasimulia mafundi waliziweka hivyo Askofu akiwa safarini. Hii mwongozaji aliisimulia vizuri, nampa haki yake.

Ninachobishana na mdogo wangu ni hiki. 1876 huyuhuyu Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa wakaenda kuanzisha makazi Masasi. Kwa mama wanasema ukoo wetu umo humo. Kwa baba hawasemi kitu, na Kivinje ndo ilikuwa bandari ya kuwapakia watu waliotolewa huko Ziwa Nyasa, kwa hiyo wazee wa huko wakinyamaza kuhusu babu zao mi siulizi. Mdogo wangu akasema sawa lakini soko halikufungwa na sala, lilifungwa kwa vitisho vya manowari za Waingereza, na utumwa wenyewe Zanzibar uliendelea kisheria mpaka 1897, masuria mpaka 1909. Ni kweli. Ila bila wale wasumbufu wa makanisani waliopiga kelele Uingereza miaka na miaka, nani angetuma manowari kwa ajili ya Myao? Hapo alinyamaza, sijui kwa kukubali au kwa njaa.

Mwisho tukashushwa kwenye vyumba vya chini, dari unainama, tundu za hewa nyembamba, tukaambiwa watu walirundikwa humo kusubiri mnada. Wapo wanahistoria wanaopinga, wanasema vilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Mwongozaji angesema tu, joto la mle ndani lisingepungua.

Tukiwa getini adhana ya adhuhuri ikaanza msikiti wa jirani, mnara wa kanisa juu yetu. Mdogo wangu akasema twende urojo.

Ushauri: nenda asubuhi kabla makundi ya wageni hayajajaa, vaa nguo ya heshima, mabango ya maonyesho yasome mwenyewe polepole, usikubali kuharakishwa. Mtembezaji muulize maswali mawili kabla hujamlipa.

Jioni tulipiga simu nyumbani, spika wazi. Mama akauliza kama tumesali pale mbele ya altare. Baba akauliza adhuhuri tuliswali wapi. Mdogo wangu akanipa simu mimi.