Splinti ya plastiki kwa mguu unaoburuza vidole: nzuri, mradi kisigino kikae

Katika splinti za kifundo cha mguu, yaani vifaa vya kuvaa vinavyokishikilia, hii ni miongoni mwa zilizo nyepesi kabisa. Ni bamba moja la polipropilini, kwa kawaida milimita 3 hadi 4, linalopita chini ya wayo, likapanda nyuma ya kisigino na kuishia chini kidogo ya goti kwa mkanda wa velikro. Sehemu nyembamba nyuma ya kifundo hupinda unapokanyaga, kisha hurudi na kuinua vidole mguu unapopelekwa mbele. Kwa aliyeumia neva inayopita kando ya goti, au aliyeachwa na kiharusi na udhaifu bila kukakamaa, inafanya kazi vizuri sana. Vidole havikwaruzi sakafu, wala hana haja ya kunyanyua goti juu kama anayepanda ngazi.

Mguu unaokakamaa usivalishwe hii. Misuli inayovuta wayo chini na ndani huishinda plastiki nyembamba, wayo unapinda humo humo ndani na ngozi ya upande wa nje inachubuka. Huyo apewe splinti ngumu, ambayo kingo zake zinakuja mbele na kushika kifundo pande zote mbili. Kumpa nyepesi ili tu asilemewe ni kumkosea.

Kipimo cha kwanza ni kisigino. Keti, kunja goti nyuzi 90, sukuma kisigino nyuma hadi kigote, ndipo ufunge mkanda. Chungulia ubavuni: ukiona mwanga chini ya kisigino, kimepaa. Wengi hapo hukaza mkanda zaidi, na wanachopata ni alama nyekundu kwenye muundi. Mara nyingi kosa si la plastiki. Kigimbi kimefupika, kifundo hakifiki tena nyuzi 90, na hakuna splinti itakayolazimisha hilo bila kuumiza.

Kwa hiyo fiziotherapia, yaani mazoezi ya tiba ya viungo, haiwezi kutenganishwa na kifaa hiki. Vua splinti, simama ukitazama ukuta, mguu husika nyuma, goti limenyooka, kisigino chini. Egemea sekunde 30, mara 3 hadi 5, kila siku. Kisha rudia goti likiwa limekunjwa kidogo, kwa kuwa msuli wa ndani wa kigimbi hauvuki goti na ule mkao wa kwanza hauuvuti ipasavyo. Vidole vielekee mbele. Vikigeuka nje, wayo unalala upande wa ndani na mvuto unaishia katikati ya wayo badala ya kigimbini. Mtu anaweza kufanya miezi bila kuongeza hata nyuzi moja.

Kiatu nacho kina sehemu yake. Chagua kipana, kinachofunguka hadi karibu na vidole, utoe soli ya ndani. Mara nyingi utahitaji nusu saizi au saizi moja zaidi. Urefu wa kisigino cha kiatu usitofautiane na ule ambao splinti ilitengenezewa. Ukiongezeka, muundi unaegemea mbele na goti linataka kukunjika; ukipungua, goti linasukumwa nyuma. Malalamiko ya “splinti inaniumiza goti” yaanze kuchunguzwa hapo.

Siku ya kwanza vaa saa moja, ukiongeza saa moja kila siku, na soksi ndefu isiyo na mshono. Ukivua, kagua ngozi. Wekundu unaofifia ndani ya dakika 20 hadi 30 hauna shida. Ukibaki, usivae tena hadi fundi wa splinti apashe moto sehemu hiyo na kuitanua. Asiyehisi vizuri miguuni, hasa mwenye kisukari, akague kwa kioo kila anapovua, maana maumivu hayatamwonya. Ukingo wa juu uache nafasi ya vidole viwili chini ya kinundu cha mfupa kando ya goti. Ukipanda hapo unabana neva ile ile inayoinua wayo, na hilo ni kosa la kukataa splinti palepale.

Udhaifu wake mkubwa ni joto na uchovu wa plastiki. Isianikwe karibu na moto wala kuachwa ndani ya gari juani. Ioshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Velikro hujaa nyuzi za soksi na kuacha kushika, zitoe kwa mswaki mkavu. Na kila wiki angalia pale penye wembamba nyuma ya kifundo: mstari mweupe ukitokea, ufa umeanza, irudishe kwa fundi kabla haijakatika katikati ya hatua.