Kozi ya klasi za Python: somo la buliani limenifaa, ila limeruka mitego miwili

Mimi ni mkutubi, si mtaalamu wa kompyuta. Nilijiunga na kozi hii ya video kwa sababu nilitaka programu ndogo ya kufuatilia vitabu vinavyotoka na kurudi, na kila nilipofika kwenye klasi, yaani kiolezo cha kuundia vitu vya aina moja katika lugha ya programu ya Python, nilikwama. Natathmini sehemu moja tu, ile ya sifa za buliani (taarifa za kitu zenye thamani mbili tu, kweli `True` au si kweli `False`) na masharti (`if`), maana nimeirudia mara tatu na ndiyo ninayoitumia kila siku.

Mwalimu anaanza vizuri sana. Anaandika klasi fupi, ndani ya `__init__` (sehemu inayotekelezwa kitu kinapoundwa) anaweka sifa moja yenye thamani ya `False`, kisha anaiuliza kwa `if`. Hapo anatulia na kueleza kwamba `if self.imewashwa == True` ni kuuliza swali lililokwisha kujibiwa: sifa yenyewe ndiyo jibu, `if self.imewashwa` inatosha. PEP 8, mwongozo wa mtindo wa Python, nao unasema usilinganishe na `True` kwa `==`. Nilirudi kwenye kodi yangu nikafuta `== True` kumi na moja.

Mifano yake yote ina majina ya Kiingereza; `imewashwa` hapo juu ni tafsiri yangu. Mimi nilijaribu kwa Kiswahili, na hapo ndipo somo liliponiingia:

```
class Kitabu:
    def __init__(self, jina):
        self.jina = jina
        self.kimeazimwa = False
        self.kimepotea = False

    def azima(self):
        if self.kimeazimwa or self.kimepotea:
            return "Hakipatikani"
        self.kimeazimwa = True
        return "Chukua"
```

Soma kwa sauti: `if not kitabu.kimeazimwa`. "Ki" inarejea kitabu, "me" inaonyesha jambo lililokwisha kutimia. Jina la sifa ni sentensi nzima, na sentensi ya namna hiyo ama ni kweli ama si kweli. Mwanachama akapata `amesimamishwa`, kadi ikapata `imeisha`. Siku hizi jina likikataa kusimama kama sentensi, mfano `hali`, najua hapo natafuta kitu kingine, si buliani.

Somo bora kuliko yote kwangu ni la `@property`, alama inayofanya jibu linalokokotolewa lisomwe kama sifa ya kawaida, bila mabano. Awali nilikuwa nimeweka pia sifa ya tatu, `kipo_rafuni`. Kitabu kikiazimwa nilipaswa kubadilisha sifa mbili, na nilisahau moja. Matokeo yake kitabu kilekile kikawa kimeazimwa na papo hapo kipo rafuni. Mwalimu anaonyesha kwamba jambo linaloweza kukokotolewa lisihifadhiwe:

```
    @property
    def kipo_rafuni(self):
        return not self.kimeazimwa and not self.kimepotea
```

Kwa dakika hizo chache tu ningeichukua kozi hii tena.

Sasa malalamiko. Mwalimu anagusia kwa sentensi moja kwamba `0`, `None`, maandishi matupu na orodha tupu huhesabika kuwa si kweli ndani ya `if`, kisha anapita. Upande wa pili wa kanuni hiyo hausemi: maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabika kuwa kweli, hata yakiwa neno "False". Nilihifadhi rekodi zangu kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma), nikazisoma asubuhi, na kila kitabu kikaonekana kimeazimwa. Hakuna ujumbe wa hitilafu uliotokea. Nilipoteza jioni mbili kabla ya kung'amua kwamba faili lilinirudishia maandishi. Dawa ni `safu["kimeazimwa"] == "True"`, ambapo `safu` ni mstari mmoja wa faili, na hapa `==` ina haki yake, kwa sababu tunalinganisha maandishi na maandishi.

Mtego wa pili ni mabano. Ukisahau kuweka `@property` juu ya `kipo_rafuni`, kisha ukaandika `if kitabu.kipo_rafuni:` bila mabano, Python haikemei. Inaipima methodi yenyewe (kitendo kilichoandikwa ndani ya klasi) badala ya jibu lake, na methodi daima huhesabika kuwa kweli. Somo linalofundisha `@property` lilipaswa kumwonyesha mwanafunzi kosa hili kwa macho yake.

Ningependa pia waongeze jambo moja tamu. Tangu Python 2.3 ya mwaka 2003, buliani ni aina yake yenyewe, nayo imerithi kutoka kwenye namba kamili. `True` ni sawa na 1. Kwa hiyo `sum(k.kimeazimwa for k in vitabu)` inanipa idadi ya vitabu vilivyo nje kwa mstari mmoja. Naitumia kila jioni ninapofunga.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ukiichukua, sitisha video pale kwenye thamani tupu, fungua Python, uandike `bool("False")` mwenyewe kabla hujaendelea.