Rimu mpya, ofseti na spesa: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Wengi wetu huchagua rimu kwa kuitazama usoni. Nakuomba uigeuze kwanza. Nyuma ya mikono yake, au karibu na tundu la katikati, kuna maandishi kama 7J x 16 ET45 (upana wa inchi 7, kipenyo cha inchi 16), au wakati mwingine +45 tu. Namba hiyo ya mwisho ndiyo itakayoamua kama gurudumu litakaa vizuri ndani ya madigadi, litakwaruza shokapu, au litatokeza nje na kusagana na fenda kila gari linapoingia kwenye shimo.

ET imetoka kwenye neno la Kijerumani Einpresstiefe, na ndiyo ofseti yenyewe. Chukua upana wa rimu, uugawe katikati, kisha upime kwa milimita kutoka mstari huo hadi uso unaogusana na habu, yaani kitovu cha gari ambapo rimu hufungwa. Uso ukiwa upande wa nje wa mstari, ofseti ni chanya. Ukiangukia juu ya mstari ni sifuri, na ukiwa upande wa ndani ni hasi. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo gurudumu linavyosogea nje.

Hapa ndipo watu huumia: ofseti peke yake haisemi kitu mpaka ujue na upana. Tuseme gari lako lina 7J ET45 na umependa 8J ET35. Inchi moja iliyoongezeka ni milimita 25.4, nusu yake, 12.7, inakwenda nje na nusu inakwenda ndani. Ofseti nayo imepungua 10, kwa hiyo rimu nzima imesogea nje 10. Jumlisha: nje umeongeza 22.7, ndani 2.7. Ungechukua 8J ET45, ungeongeza 12.7 kila upande, na zile 12.7 za ndani kwenye gari lenye shokapu iliyo karibu zinatosha kulikata tairi ubavuni. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ET45 ni ileile ya kwako", muulize upana ni ngapi.

Usinunue kabla hujapima gari lako mwenyewe. Mimi natumia uzi uliofungwa nati nzito. Nauning'iniza kutoka ukingoni mwa fenda, juu kabisa ya tairi, gari likiwa limesimama sakafu tambarare, usukani umenyooka na tangi lina mafuta. Nati inashuka na kutulia, halafu napima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi sehemu ya tairi iliyotokeza zaidi. Hiyo ndiyo nafasi uliyonayo nje. Ndani, chuchumaa na upime kati ya tairi na shokapu. Zile milimita 5 za mwisho usiziguse, kwa sababu tairi hupinda kwenye kona. Kisha kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto uone tairi linakaribia nini. Ukimaliza, weka watu wawili kiti cha nyuma upime tena. Wengi huruka hatua hii, halafu wanasikia mkwaruzo siku ya kwanza ya kubeba familia.

Kama rimu haina maandishi, pima mgongo wake: ilaze kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya kingo, na pima kutoka kwenye ubao hadi uso wa habu. Toa nusu ya upana wote wa nje. Angalia sana hapo: rimu ya 7J ina upana wa nje wa karibu inchi 8, kwa sababu 7 hupimwa mahali tairi linapokaa, siyo kingo hadi kingo. Ukipata milimita 147 mgongoni, toa 101.6, unabaki na takribani ET45. Ukisahau ile inchi ya kingo utapata ET58 na kununua kitu kingine kabisa.

Sasa nazipanga chaguo zenyewe, kuanzia ninayoipenda.

La kwanza, na kwa mbali: rimu yenye ofseti sahihi isiyohitaji spesa yoyote, yaani sahani inayowekwa kati ya habu na rimu ili kulisogeza gurudumu nje. Kwa magurudumu ya mbele napenda upana na ofseti viuache mstari wa katikati ya gurudumu ndani ya milimita 5 hadi 10 za ule wa kiwanda. Ukivuka hapo usukani unaanza kuvutwa na kila ufa wa barabara, hasa kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, na ukifunga breki upande mmoja ukiwa kwenye mchanga gari linataka kugeuka lenyewe. Beringi nazo hubeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi. Nyuma kuna uhuru zaidi, lakini beringi za nyuma ni beringi vilevile.

Kwenye chaguo hili chunguza mambo manne. Idadi na mzunguko wa matundu: 5x112 (matundu matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 112) na 5x114.3 zinafanana machoni, na fundi mwenye nguvu anaweza kuzikaza, lakini nati zitakaa kimshazari. Usikubali. Alama ya JWL, ambayo ni kiwango cha Japani cha rimu za aloi. Ikiwa na VIA pembeni, alama ya ukaguzi wa shirika la Kijapani, vizuri zaidi. Nafasi ya kalipa ya breki, maana rimu mbili zenye ET moja zinaweza kuwa na mikono iliyopinda tofauti. Na tundu la katikati.

Tundu la katikati lina kisa changu. Nilinunua rimu zenye tundu la milimita 73.1 nikazifunga kwenye habu ya 60.1, kipimo cha Toyota nyingi zenye matundu 5x114.3. Ofseti ilikuwa sahihi, matundu sahihi, tairi mpya. Nikifika kilomita 90 kwa saa, usukani unaanza kutetemeka. Nikipita 110 unatulia. Nilirudi kubalansi mara mbili, nikaanza kuzilaumu tairi. Dawa ilikuwa ringi nne nyembamba, nje 73.1, ndani 60.1, zinazoingia kati ya habu na rimu ili gurudumu likae katikati hasa kabla nati hazijakazwa. Mtetemo uliisha siku hiyohiyo. Ukinunua rimu, nunua na ringi zake palepale.

La pili: spesa ya milimita 10 hadi 15 yenye mdomo wa habu, pamoja na stadi ndefu (stadi ni zile bolti zilizopachikwa kwenye habu na kupokea nati). Mdomo ni ule ukingo wa duara unaotokeza mbele ya spesa na kuingia kwenye tundu la rimu, huku nyuma spesa ikikumbatia habu ya gari. Naiweka hapa kwa sababu nati zinabaki za seti moja, zinaonekana, na unaweza kuzikagua bila kufungua chochote. Kazi yake ni kubwa kidogo, kwani stadi za zamani zinagongwa zitoke na mpya zinavutwa ndani, na kwenye baadhi ya magari habu lazima ifunguliwe. Hata hivyo ni kazi ya mara moja. Gari linalotumia bolti badala ya stadi, kama BMW au Volkswagen nyingi, hupata mambo rahisi zaidi: spesa ya 15 inahitaji bolti ndefu kwa 15, na chini ya kichwa cha bolti lazima pawe na koni au duara sawa na la rimu.

La tatu: spesa ya kufungwa kwa bolti, milimita 20 hadi 25. Hii inakazwa kwenye stadi za gari kwa nati zake, kisha rimu inakazwa kwenye stadi za spesa yenyewe. Ikiwa imechongwa kutoka aluminiamu iliyofuliwa, ina mdomo wa habu na stadi za chuma imara, ni kitu cha kuaminika. Tatizo ni zile nati za ndani: hazionekani mpaka utoe gurudumu. Baada ya kilomita 50 hadi 100 toa kila gurudumu, kaza nati za ndani kwa spana ya kupimia nguvu, rudisha, kaza za nje. Ukijijua huna subira ya kufanya hivyo, nunua chaguo la kwanza. Usiichukue ikiwa nyembamba kuliko stadi za gari, isipokuwa rimu ina mashimo mgongoni ya kupokea ncha zinazotokeza. Bila hayo rimu italala juu ya ncha za stadi badala ya kulala juu ya spesa.

La nne ni spesa nyembamba ya milimita 3 hadi 5, na naikubali kwa kazi moja: kuiokoa kalipa inayoguswa na mkono wa rimu kwa upana wa kucha. Hesabu mizunguko ya nati kuanzia inaposhika kwa kidole. Kwa stadi ya M12x1.5 (unene wa milimita 12, na kila mzunguko husogeza nati milimita 1.5), ya Toyota na Honda nyingi, nataka angalau mizunguko 8, kwa M12x1.25, ya Nissan na Subaru nyingi, 10. Ukipata 5, vua. Jambo jingine linalosahaulika: spesa hii inameza mdomo wa habu, na habu fupi inaweza kubaki bila kitu cha kuishika rimu katikati.

Mwisho kabisa, na sisemi hivi kwa kutia chumvi, ni spesa ya kila gari: sahani iliyotobolewa matundu mengi marefu ili ikubali 4x100, 5x100, 5x114.3 na nyinginezo kwa pamoja. Haina mdomo, na chuma chake ni kidogo kuliko matundu yake. Niliwahi kuishika moja iliyotolewa kwenye gari la rafiki. Tundu moja lilikuwa limetanuka, na kati yake na la jirani kulikuwa na ufa ambao ukucha wangu uliingia. Alikuwa ameendesha nayo akidhani kelele ni ya beringi. Kundi hili lina ndugu zake: spesa mbili zilizobebeshwa moja juu ya nyingine, na washa zilizopangwa kwenye stadi.

Nati pia ni sehemu ya ununuzi. Toyota nyingi zenye rimu za aloi za kiwandani hutumia nati bapa yenye washa, Honda hutumia ya duara, na rimu nyingi za dukani zinataka koni ya nyuzi 60. Nati ya duara kwenye tundu la koni hugusa mstari mwembamba tu, na italegea. Kabla ya kufunga, sugua kutu yote kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya, kaza kwa mpangilio wa nyota gari likiwa bado kwenye jeki, kisha malizia chini kwa kipimo cha kitabu cha gari. Toyota nyingi ndogo ni Nm 103, Honda nyingi 108. Mashine ya hewa iishie kuzisogeza tu. Ukazaji wa mwisho ufanye kwa mkono, ukiwa umesimama pale mwenyewe.