Dripu ya kasi au ya taratibu?

Mtoto kaletwa Mbeya kutoka Kyela, homa kali, mikono ya baridi, anahema kwa shida. Wazazi wengi tunataka chupa ifunguliwe yote. Utafiti wa FEAST wa mwaka 2011, uliohusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania (hapa kwetu ulifanyika Muheza), ulikuta kinyume: ndani ya saa 48, waliomiminiwa maji kwa kasi walifariki karibu 11 kwa kila 100, waliopewa taratibu, 7. Nasimama na taratibu. Nesi akihesabu matone, jamani, msimharakishe. Anayeharisha mpaka macho yamezama ni habari nyingine: watoto hao hawakuwemo kwenye utafiti, nao maji wanayahitaji upesi.