Kituo cha maandalizi ya chuo hapa Moshi: nini kilipiwe, nini kiachwe

Nashona sare za shule pale Kiusa, kwa hiyo wazazi wenye watoto wa sekondari karibu wote wanapita mezani kwangu. Matokeo ya form six yakishatoka Julai, swali ni lile lile: kile kituo ulichompeleka mtoto wa dada yako, kinafaa? Najibu hapa mara moja ili nipate kushona.

Kituo kipo ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme, si mbali na stendi kuu. Bango lina orodha ndefu: kuchapa, fotokopi, RITA (wale wa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo), mkopo, maombi ya vyuo, na chini kabisa kwa herufi nyekundu, Maandalizi ya Chuo. Ngazi ni nyembamba na giza, mwenye magoti mabovu ajiandae. Wanauza vitu viwili tofauti na wazazi wengi wanavichanganya. Kujaza fomu za chuo na mkopo ni 15,000. Darasa la Jumamosi, ambalo linaanza Septemba na kwenda mpaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, ni 50,000. Ukilipa vyote pamoja hawapunguzi hata mia, nimejaribu.

Tuanze na fomu, maana ndiko wengi mnakoishia. Hapa kazi yao ni safi. Tulikwenda mimi na binti, mama yake yuko Rombo na baba yake alishatangulia mbele ya haki. Kijana wa kaunta akaniamkia, akavitoa vyeti kwenye bahasha, akavipanga mezani kimoja kimoja, na kabla hajagusa kompyuta akauliza: "Mama, hili jina la ukoo. Kwenye cheti cha kuzaliwa lina h, kwenye cha form four halina. Ni mtu yule yule?" Miaka yote hiyo hakuna aliyeiona hiyo h, si shule, si mimi. Akatuelekeza kwa wakili tukachukue hati ya kiapo kwanza, ndipo turudi. Cheti cha kuzaliwa na kile cha kifo cha baba vikapelekwa RITA kuhakikiwa, maana Bodi ya Mikopo haipokei cheti ambacho RITA hawajakithibitisha. Angejaza tu haraka haraka apokee hela yake, tungekuja kuona wenyewe Oktoba majina ya waliopangiwa mikopo yakitoka na letu halimo.

Jambo la pili lililonifurahisha ni la barua pepe. Alimgeuzia binti kibodi akamwambia: "Fungua ya kwako mwenyewe. Neno la siri liandike kwenye daftari lako, mimi sitaki kulijua. Na namba ya simu weka yako, siyo ya hapa." Kwa asiyejua uzito wa hilo: siku hizi unaomba chuo kimoja kimoja moja kwa moja, na ukichaguliwa na zaidi ya kimoja, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wanataka uthibitishe kimoja tu, na namba ya kuthibitishia inakuja kwenye simu uliyoandika. Mtoto wa jirani yangu alijaziwa kwenye duka jingine, wakamwekea namba ya mhudumu ili mambo yaende haraka. Ujumbe ukaja, mhudumu yuko msibani Same, simu imezima. Dirisha la kuthibitisha lilikuwa linafungwa keshokutwa. Alimpata, lakini mama wa yule mtoto alikonda.

Ada ya maombi ya Bodi unailipa mwenyewe kwa control number kupitia simu yako, haipiti mkononi mwa mtu wa kaunta. Nalisema hili kwa sababu nimesikia wanaotozwa mara mbili kwingine. Hapa hawakugusa.

Sasa darasa. Jumamosi ya kwanza ilikuwa hasara tupu. Waliletwa vijana wengi kwenye chumba chenye feni moja, akaja bwana mwenye suti na maiki, wakati chumba chenyewe ukikohoa kila mtu anasikia. Akaongea saa tatu kuhusu ndoto, kujiamini na kutoka kwenye mazoea. Maneno yake yalikuwa kama sare ya saizi moja iliyoshonewa darasa zima, kila mtoto anaingia na hakuna inayemkaa. Binti akarudi na kurasa mbili za nukuu. Nikamuuliza chuo kinafunguliwa lini, hajui. Hosteli inaombwa vipi, hajui.

Nilikuwa nimeshakata shauri kudai hela yangu. Jumamosi iliyofuata wakaruhusu wazazi wakae nyuma, nikaenda na mashati yangu ya kuweka vifungo, nikisubiri kukasirika. Sikukasirika.

Siku hiyo walikuja wanafunzi wenyewe, wa mwaka wa pili, wengine wa Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi, wengine wa vyuo vya Dar na Dodoma waliokuwa bado likizo. Kila mtoto akapewa karatasi za rangi zilizokatwa mfano wa noti, jumla 600,000. Hiyo ndiyo pesa ya mkopo ya chakula na malazi, wenyewe wanaiita boom, kwa hesabu ya 10,000 kwa siku, siku 60. Msichana mmoja wa Kibosho akawa anapita katikati ya meza na ndoo, na kila akipita ana jambo. Umekosa hosteli, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu. Kazi ya kikundi, mchango wa kuchapa. Simu imedondoka, kioo. Mwenzenu kafiwa, darasa linachanga. Halafu akasimama akaiga sauti ya mtu mzima: "Kaka yako anaoa Desemba, na wewe si umeshapata boom?" Chumba kizima kikaangua kicheko, na wazazi wawili wa nyuma wakainama.

Ndoo ikazidi kujaa. Mwisho akasema: "Siku 60 zimekwisha. Boom halijatoka. Leo ni siku ya 67. Umekula nini?" Kijana mmoja akajibu atampigia mama. "Mama hana." Kimya. Binti yetu alikuwa amebakiwa na 14,000. Kwenye karatasi yake ya matumizi, siku ya kwanza kabisa, ameandika nguo 90,000. Mbele yangu mimi, ninayeshona.

Wakaambiwa na lile ambalo watu hawapendi kulisikia, kwamba huo ni mkopo kweli. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Nilitazama nyuso. Wengi walikuwa wanalisikia mara ya kwanza, na fomu wameshajaza na kusaini.

Baadaye wakaingia kwenye masomo yenyewe. Kwenye vyuo vingi kazi za muhula ni alama 40 na mtihani wa mwisho 60, na hizo 40 zinakusanywa kidogo kidogo tangu mwanzoni, wakati wewe bado unatafuta ndoo na kitasa. Wakaeleza sup ni nini (kurudia mtihani uliofeli), kukeri ni nini (kubeba somo ulilofeli mpaka mwaka unaofuata), na mtu anadisko vipi (kuondolewa chuo kwa kufeli). Wakagawa mwongozo halisi wa somo moja, kurasa nne za Kiingereza, wakauliza jaribio la kwanza liko wiki ya ngapi. Lilikuwa limeandikwa ukurasa wa pili. Wengi hawakufika ukurasa wa pili. Walikuwa wanasubiri mtu awasomee. Miaka sita ya kengele, matroni na mwalimu wa zamu haitoki mwilini kwa wiki moja, na kule hakuna atakayekuja kugonga mlango kuuliza kwa nini hukuingia darasani.

Mchana wasichana walitengwa na wavulana, akaja dada mmoja muuguzi. Mimi kama mama mdogo nilishukuru, maana kuna mambo hata ukiyajua huna pa kuyaanzia. Aliongea waziwazi kuhusu mwalimu anayekuita ofisini jioni kwa sababu ya alama. Akawaambia hilo lina jina, ni rushwa ya ngono, na ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Namba ya TAKUKURU ni 113, bure. Akawataka waiandike kwenye simu pale pale, na akapita kukagua. Akawaambia pia ujumbe wa namna hiyo usifutwe kwa hasira au aibu, utunzwe. Wavulana sijui waliambiwa nini, ila walitoka wanacheka sana, na kama mwenye kituo anasoma hapa, aangalie huko.

Yasiyofaa. La kwanza ni kile kifurushi cha mwanachuo wanachokisukuma kila mwisho wa kipindi: godoro, ndoo, pasi, mashuka na begi, kwa bei ambayo hapo Mbuyuni na Memorial ungepata vyote na chenji ya nauli ikabaki. Na godoro lenyewe lisafiri la nini? Anayekwenda Dodoma atapita Arusha, Babati na Kondoa siku nzima, na konda atalitoza kama abiria. Dodoma magodoro yapo. Ndani ya kifurushi waliweka hata jiko dogo la umeme, wakati hosteli nyingi za vyuo zimekataza kupikia chumbani. Nilipomwambia yule kijana, akasema, "Mama, wengine wanaficha." Haya. Sisi tulibeba begi la shangazi kaja na blanketi, mengine alinunua huko.

La pili, kituo hiki kinajua digrii tu. Mzazi mwenzangu ana kijana anayekwenda diploma, ambako mambo yako chini ya NACTVET, baraza la vyuo vya kati na ufundi, siyo TCU. Akaambiwa diploma haina mkopo. Si kweli tena, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi inakopesha na wa diploma kwa baadhi ya kozi. Kama mtoto wako ni wa diploma, usipande zile ngazi kwa ajili ya darasa.

La tatu ni dogo ila linaudhi: siku za mwisho za dirisha mtandao unazidiwa, foleni inashuka ngazi mpaka barabarani, na wanapokea watu wapya wakati wa jana hawajamalizwa. Nendeni mapema, asubuhi, na vyeti halisi pamoja na nakala. Mdhamini awe na namba ya NIDA mkononi, na sahihi ya serikali ya mtaa ichukuliwe mapema, maana mwenyekiti naye ana shamba.

Binti yuko UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Juzi kanipigia, nikajua ni hela. Kumbe alitaka nimtumie nakala ya ile hati ya kiapo, kuna ofisi imeiuliza ile h tena.

Fomu, lipieni, 15,000 ni halali yao. Darasa, kabla hamjatoa 50,000 muulize kwanza Jumamosi ya wanafunzi wa mwaka wa pili ni tarehe ngapi, na kama wataingiza watu wa siku hiyo moja kwa bei ya siku moja. Mimi niliwaomba waanzishe hivyo, wakasema watafikiria. Wakiwajibu hawana tarehe, chukueni fomu zenu mshuke.